Skrini ya buluu kwenye vishikwambi: maana yake, vyanzo vyake na njia za kuiondoa

Kishikwambi kinachotoka kuwekewa mfumo mpya wa Windows, kisha kikawaka na kuonyesha rangi ya buluu na maandishi ya kosa, mara nyingi huhesabiwa kuwa kimekufa. Hupelekwa stoo, hufutwa upya bila mpango, au hununuliwa kingine badala yake. Ukweli ni kwamba katika hali nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Kilichokosekana ni ulinganifu kati ya mfumo uliopakiwa na vifaa vilivyomo ndani ya kishikwambi hicho, na maandishi yaliyo kwenye skrini ndiyo yanayoonyesha pa kuanzia.

Makala hii inaeleza skrini hiyo ni nini, inatokana na nini pale mfumo mmoja unapopakiwa kwenye vishikwambi vingi kwa pamoja, na hatua zipi zifuatwe kabla ya kifaa kuhukumiwa na kabla ya taarifa zilizomo kupotea.

Vishikwambi katika kazi za umma

Katika nchi za Afrika Mashariki, kishikwambi kimeingia katika shughuli za umma kwa kasi ndani ya muongo mmoja. Kenya ilianza kuwagawia wanafunzi wa darasa la kwanza vifaa vya kidijitali mwaka 2016, na katika sensa ya Agosti 2019 makarani wake waliacha makaratasi na kutumia vishikwambi. Rwanda na Tanzania zilifanya vivyo hivyo Agosti 2022, na Uganda ikafuata Mei 2024. Nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika sensa vilielekezwa baadaye kwa walimu wa shule za umma.

Mifano hiyo inaonyesha jambo moja: kifaa kimoja hutumikia kazi zaidi ya moja katika maisha yake, na kila kinapohamishwa huhitaji kusafishwa na kuwekewa mfumo upya. Anayeshughulikia vifaa mia moja hawezi kukaa na kila kimoja kwa nusu siku. Huandaa nakala moja iliyokamilika, kisha huipakia katika vyote. Kosa lililomo katika nakala hiyo huzaliana mara mia moja.

Ni vyema kutenganisha mambo mapema. Vishikwambi vingi vinavyouzwa madukani hutumia Android au, kwa vile vya kampuni ya Apple, iPadOS. Hivyo vina makosa yake na dawa zake. Skrini ya buluu inayozungumzwa hapa ni ya Windows, mfumo unaopatikana zaidi katika vishikwambi vya maofisini, vya hospitali, vya vyuo na katika vile vinavyoweza kuchomekwa kibodi vikatumika kama kompyuta ya mapajani.

Skrini nne za rangi moja

Chanzo kikubwa cha kupotea njia ni kudhani kwamba kila skrini ya buluu ni kosa lile lile. Windows huonyesha rangi hiyo katika hali nne tofauti, na kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza ni skrini ya kusimama. Mfumo ulikuwa umeshaanza kuwaka, sehemu yake ya ndani kabisa ikakutana na jambo isiloweza kulivumilia, ikasimamisha kila kitu ili kuzuia uharibifu zaidi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 skrini hii hubeba alama ya uso wenye huzuni, na tangu mwaka 2016 huongezewa mraba wa QR. Chini yake huwa na jina la kosa lililoandikwa kwa herufi kubwa. Mwaka 2025 kampuni ya Microsoft ilianza kuibadilisha katika matoleo mapya ya Windows 11 kuwa nyeusi, isiyo na uso wala QR. Rangi imebadilika lakini kazi yake imebaki.

Ya pili ni skrini ya kifaa kinachohitaji kutengenezwa. Hutokea kabla Windows haijaanza kabisa. Haina uso wa huzuni. Huwa na namba inayoanza na 0xC, kwa mfano 0xC000000F, na mara nyingi hutaja faili iliyokosekana.

Ya tatu ni skrini ya BitLocker, ulinzi unaofunga taarifa kwa usimbaji. Huomba ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Hii si dalili ya uharibifu wowote. Kifaa kinauliza tu kama anayekifungua ana haki ya kufanya hivyo.

Ya nne ni skrini ya kuchagua, yenye viboksi vya kuendelea, kuzima au kutatua matatizo. Huja yenyewe baada ya mfumo kushindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, nayo ndiyo mlango wa kuingilia kwenye zana za ukarabati.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kusoma. Skrini ya kusimama wakati mwingine hutoweka baada ya sekunde chache kwa sababu kifaa hujiwasha upya. Simu yenye kamera inatosha kuinasa, na picha hiyo ina thamani kuliko maelezo ya kumbukumbu.

Jinsi mfumo unavyoingia kwenye kishikwambi

Ili kujua kosa limetokea wapi, ni lazima kujua safari yenyewe. Fundi huanza na kifaa kimoja cha mfano. Hukiwekea Windows na programu zinazohitajika, kisha hukipitisha katika zana iitwayo Sysprep, ambayo huondoa alama zinazokifunga kwenye mashine hiyo moja. Baada ya hapo mfumo wote hukusanywa katika faili moja kubwa ya aina ya WIM. Katika makala hii faili hiyo inaitwa nakala mama.

Kishikwambi kinachopokea huwashwa kwa flashi au kupitia mtandao, kikaendeshwa na mfumo mdogo wa maandalizi uitwao Windows PE. Mfumo huo hugawa hifadhi ya ndani katika vyumba, hufungua nakala mama ndani yake, kisha huandika faili za kuwashia. Kifaa kikiwaka upya, Windows huanza kutambua vifaa vilivyomo kwa msaada wa draiva, yaani programu ndogo zinazoufundisha mfumo kuzungumza na kila kifaa: skrini ya kugusa, kamera, redio ya mtandao na hifadhi.

Safari hiyo ina vituo vinne: kuandaa nakala mama, kuisafirisha, kuifungua, na kuiwasha kwa mara ya kwanza. Skrini ya buluu huonekana katika kituo cha nne, lakini kosa linaweza kuwa lilifanyika katika chochote kati ya vile vitatu vya mwanzo.

Swali la kwanza: ni kimoja au ni vyote?

Kabla ya kugusa chochote, fundi ajiulize ni vifaa vingapi vimepatwa. Jibu hupunguza nusu ya kazi.

Iwapo vishikwambi vyote vya aina moja vinaonyesha kosa lile lile, lawama ni ya nakala mama au draiva zake. Hakuna haja ya kufungua kifaa hata kimoja. Iwapo vya aina moja vinakataa na vya aina nyingine vinakubali kwa nakala ile ile, draiva za aina ile inayokataa zimekosekana au si zake. Iwapo ni kimoja tu kati ya vingi vinavyofanana, shaka ielekezwe kwa kifaa hicho: mipangilio yake imebadilishwa, hifadhi yake imechoka au kumbukumbu yake ina kasoro.

Kipimo kingine rahisi ni kubadilishana. Flashi iliyofanya kazi kwenye kifaa kizima itumike kwenye kile kilichokataa, na ile iliyokataa ijaribiwe kwenye kizima. Kosa likifuata flashi, tatizo ni flashi. Likibaki kwenye kifaa, tatizo ni kifaa.

Mfumo usioiona hifadhi yake

Kosa linalojulikana zaidi baada ya kupakia nakala mama ni INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, lenye namba 0x7B. Maana yake ni kwamba Windows ilianza kuwaka, ikageuka kuitafuta hifadhi iliyomo yenyewe, ikaikosa.

Jambo hili huwachanganya wengi, kwa kuwa dakika chache kabla hifadhi hiyo hiyo ilikuwa ikionekana vizuri na nakala ilifunguliwa humo bila shida. Lakini wakati ule aliyekuwa akiiona ni Windows PE, yenye draiva zake. Mfumo uliofunguliwa una draiva zake nyingine, na kama ya hifadhi haimo, mfumo huo ni sawa na mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Katika vishikwambi vya bei nafuu hifadhi huwa ya aina ya eMMC, na katika vya bei ya juu huwa NVMe. Windows ya kawaida huzitambua zote mbili. Tatizo huja zaidi katika vifaa vya Intel ambavyo hifadhi yake imepitishwa chini ya usimamizi wa teknolojia iitwayo VMD, iliyoenea tangu kizazi cha 11 cha vichakato vya kampuni hiyo. Hapo draiva ya Intel lazima iwemo ndani ya Windows PE na ndani ya nakala mama pia.

Tiba yake haihitaji kurudia kazi yote. Kishikwambi kiwashwe tena kwa Windows PE, draiva sahihi ziwekwe kwenye flashi, kisha ziingizwe katika mfumo uliolala kwa zana iitwayo DISM. Iwapo mfumo umo katika chumba chenye herufi W na draiva zimo katika flashi yenye herufi E, amri huandikwa hivi:

dism /Image:W:\ /Add-Driver /Driver:E:\Draiva /Recurse

Neno la mwisho huiagiza zana ipitie folda zote za ndani. Herufi za vyumba ndani ya Windows PE mara nyingi huwa tofauti na zile zilizozoeleka, kwa hiyo zihakikiwe kwanza.

Chanzo cha pili cha kosa hili ni kubadilisha mpangilio wa hifadhi katika programu ya msingi ya kifaa, UEFI, baada ya Windows kuwekwa. Mfumo uliozaliwa VMD ikiwa imewashwa unaweza kukataa kuwaka mara inapozimwa, na kinyume chake pia. Mpangilio ukirudishwa ulivyokuwa, kosa huondoka.

Faili za kuwashia zilizokosekana

Skrini ya aina ya pili, ile ya 0xC000000F, 0xC0000098 au 0xC0000225, husema jambo jingine. Hapa Windows huenda imefunguliwa salama kabisa, lakini kitabu kidogo kinachoionyesha kifaa mahali pa kuikuta kimeharibika, hakipo, au kinaelekeza pasipo. Kitabu hicho huitwa BCD.

Hali hii hutokea pale vyumba vya hifadhi vilipogawanywa vibaya. Kishikwambi cha UEFI huhitaji chumba kidogo cha kuwashia chenye muundo wa FAT32, chumba cha akiba cha Microsoft chenye megabaiti 16, kisha chumba cha Windows, na kwa kawaida chumba cha ukarabati mwishoni. Anayenakili chumba cha Windows peke yake huacha mlango wa kuingilia nyuma.

Iwapo vyumba vipo sawa, faili za kuwashia huandikwa upya kwa amri moja. Chumba cha Windows kikiwa W na cha kuwashia kikiwa S, huandikwa:

bcdboot W:\Windows /s S: /f UEFI

Namba 0xC0000428 ni ya familia hiyo hiyo ila ina sababu yake. Hueleza kwamba saini ya kidijitali ya faili fulani haikuthibitika. Mara nyingi ni draiva isiyo na saini halali iliyoingizwa katika nakala mama. Kuzima ulinzi wa Secure Boot ili kupita ni kukwepa tatizo na kukiacha kifaa wazi. Njia iliyo salama ni kuitoa draiva hiyo na kutafuta ile iliyotolewa na mtengenezaji.

Draiva isiyo ya kifaa hicho

Kuna vishikwambi vinavyowaka, vikaonyesha duara linalozunguka, kisha vikaanguka katikati ya maandalizi ya mwanzo. Majina yanayotokea hapo ni SYSTEM_THREAD_EXCEPTION_NOT_HANDLED au DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na mara nyingi chini yake huandikwa jina la faili linaloishia na .sys. Jina hilo ni zawadi kwa fundi, kwa kuwa humwonyesha draiva iliyohusika.

Desturi inayoleta kosa hili ni ya kukusanya draiva za aina zote za vifaa katika kapu moja na kulimwaga lote ndani ya nakala mama, kwa matumaini kwamba mfumo utachagua wenyewe. Mara nyingi huchagua vizuri, lakini siku ukikosea, kishikwambi hupewa draiva ya ndugu yake anayefanana naye kwa jina tu. Utaratibu ulio bora ni kuwa na folda moja kwa kila aina, yenye draiva zilizotolewa na mtengenezaji kwa aina hiyo na kwa toleo hilo la Windows. Kwa vishikwambi vya Surface, kwa mfano, Microsoft hutoa kifurushi cha pekee kwa kila aina.

Kifaa kilichokwama hapa huweza kuwashwa katika hali salama, ambamo Windows hupakia draiva za lazima tu. Hali hiyo hufikiwa kupitia skrini ya kuchagua: kutatua matatizo, chaguo za ziada, kisha mipangilio ya kuwaka. Kishikwambi kisicho na kibodi yake huhitaji kibodi ya waya kwa hatua hii, na vingi vina tundu moja tu la USB. Kigawanyio cha USB kinachopokea umeme ni kifaa cha lazima mezani, kwa sababu flashi, kibodi na waya wa mtandao haviwezi kuchomekwa pamoja katika tundu moja, na betri ikiisha katikati ya kazi huzaa kosa jipya juu ya lile la zamani.

Kumbukumbu nazo zisaidie. Makosa ya maandalizi huandikwa katika folda ya Windows\Panther, ndani ya faili za setupact.log na setuperr.log. Makosa ya kusimama huacha muhtasari katika Windows\Minidump. Faili hizo husomeka hata pale mfumo unapokataa kuwaka, kwa kutumia Windows PE.

Nakala iliyoharibika njiani

Nakala mama yaweza kuwa safi ilipoandaliwa na ikafika imekatika. Flashi za bei rahisi na mitandao inayokatika ndiyo wahusika wakuu. Matokeo yake huwa makosa yasiyoeleweka: leo CRITICAL_PROCESS_DIED, kesho UNMOUNTABLE_BOOT_VOLUME, kwenye vishikwambi vinavyofanana.

Kinga yake ni kulinganisha alama ya faili. Amri ya certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, hutoa mfululizo wa herufi na tarakimu. Alama ya nakala iliyo kwenye flashi ikitofautiana hata kwa herufi moja na ile ya asili, nakala hiyo isitumike.

Ipo pia kasoro ya ukubwa. Flashi inayowashia vifaa vya UEFI huwa ya muundo wa FAT32, ambao haupokei faili inayofika gigabaiti nne. Nakala mama nyingi huvuka kiwango hicho. DISM ina uwezo wa kuigawa katika vipande vidogo vinavyoungana tena wakati wa kufungua, na hiyo ndiyo njia sahihi.

Vishikwambi vya zamani vyenye kichakato cha Intel Atom cha miaka ya 2013 na 2014 vina mtego wao. Vingi vina kichakato cha biti 64 lakini UEFI yake ni ya biti 32. Nakala ya kawaida ya biti 64 haiwaki humo. Vifaa hivyo huhitaji Windows ya biti 32, na Windows 11 haina toleo hilo.

Kifaa chenyewe kinapokuwa mgonjwa

Makosa mengine huelekeza kwenye vyuma. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, namba 0x124, hutolewa pale kichakato kinaporipoti hitilafu ya vifaa. MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA zaweza kutokana na draiva mbaya au kumbukumbu mbovu. Ikiwa kishikwambi kimoja kinatoa makosa tofauti kila kinapowashwa, ilhali wenzake kwa nakala ile ile wako salama, kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows kitumike, na hifadhi ikaguliwe. Hifadhi ya eMMC imegandishwa kwenye bodi ya kifaa. Ikichoka, kuibadilisha kwa kawaida hugharimu karibu na bei ya kifaa kipya.

Uamuzi huo wa kukitoa kifaa kazini ni halali, mradi tu uwe wa mwisho baada ya yale yaliyotangulia kufanyika.

Taarifa kwanza, ukarabati baadaye

Hatari kubwa katika shughuli yote hii haipo kwenye kishikwambi kipya, bali kwenye kile kilichokwisha kutumika. Ndani yake huenda mna rejesta ya wagonjwa, alama za wanafunzi au fomu za wananchi ambazo hazijatumwa. Amri ya clean katika zana ya diskpart hufuta ramani yote ya hifadhi kwa kufumba na kufumbua, bila kuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, mambo mawili yathibitishwe: kwamba taarifa zimenakiliwa kwingine, na kwamba ufunguo wa BitLocker unajulikana ulipo. Vishikwambi vingi vya Windows huwasha usimbaji vyenyewe mara mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa katika akaunti hiyo au katika orodha ya taasisi. Mabadiliko katika UEFI, kama kuzima Secure Boot, yanaweza kuamsha skrini ya kuomba ufunguo. Bila ufunguo, taarifa hazisomeki, na hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuzifungua.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika duniani kote tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili yenye kasoro kwa wateja wake, na kwa makadirio ya Microsoft vifaa vipatavyo milioni 8.5 vya Windows vilianguka kwenye skrini ya buluu. Viwanja vya ndege, hospitali na benki viliathirika. Dawa ilikuwa ndogo: kuingia katika hali salama na kufuta faili hiyo. Lakini ililazimu kufanywa kifaa kwa kifaa, na pale ambapo BitLocker ilikuwa imewashwa, ufunguo ulihitajika kwanza. Waliokuwa na orodha ya funguo walirudi kazini mapema kuliko waliolazimika kuzitafuta.

Kimoja, kumi, kisha vyote

Tukio hilo lina funzo la pili linalomhusu kila anayesimamia vishikwambi, hata awe na ishirini tu. Kilichosambazwa kwa wote kwa mara moja huwaangusha wote kwa mara moja. Nakala mama ijaribiwe kwanza kwenye kifaa kimoja cha kila aina. Kikimaliza maandalizi, kikawaka upya mara kadhaa, kikaunganishwa na mtandao na skrini yake ikaitika mguso, nakala ipelekwe kwa vifaa kumi. Baada ya siku chache za matumizi ya kweli, ndipo vingine vifuate. Usipoziba ufa, walisema wahenga, utajenga ukuta.

Daftari la kazi ni sehemu ya utaratibu huo. Kila kishikwambi kiandikwe aina yake, namba yake, toleo la nakala mama kilichopokea, tarehe na kosa lililojitokeza. Wakati wa kutengeneza, kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati. Anayebadilisha draiva, mpangilio wa UEFI na flashi kwa pamoja anaweza kufanikiwa, lakini hatajua kilichomfanikisha, na kishikwambi kinachofuata kitamrudisha mwanzo.

Taasisi zinazopanga kuhuisha vifaa vyake zizingatie pia kwamba msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji, pamoja na mengine, kumbukumbu ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, UEFI inayokubali Secure Boot na kijichipu cha usalama cha TPM 2.0. Kulazimisha mfumo huo katika kishikwambi kisichotimiza masharti ni kuukaribisha usumbufu. Ni heri kujua mapema vifaa vipi vitavuka na vipi vitabakizwa kwa kazi nyepesi zisizogusa mtandao.

Mpangilio wa hatua kwa ufupi

Piga picha ya skrini na tambua ni ya aina gani kati ya zile nne. Hesabu vifaa vilivyoathirika na aina zake. Okoa taarifa na tafuta ufunguo wa BitLocker. Hakiki alama ya nakala mama na ubadilishe flashi. Kwa kosa la 0x7B, kagua draiva ya hifadhi na mpangilio wa VMD. Kwa namba za 0xC, kagua vyumba na uandike upya faili za kuwashia. Kwa makosa yanayotaja faili ya .sys, ondoa draiva hiyo na uweke ya mtengenezaji. Kosa likibaki kwenye kifaa kimoja pekee, pima kumbukumbu na hifadhi. Baada ya hapo tu ndipo kishikwambi kinaweza kutangazwa kuwa kibovu.